Kufundisha Muundo na Kazi za Seli: Mifano kutoka Kipalapala na Unyamwezi

Utangulizi

Mada ya seli ndiyo mlango wa kuingilia Biolojia nzima. Mwanafunzi asiyeufungua mlango huu sawasawa ataendelea kukariri habari za chakula, damu, mizizi na urithi bila kuuona uzi unaoziunganisha. Hata hivyo, katika madarasa mengi mada hii hufundishwa kwa njia moja tu. Mwalimu huchora duara ubaoni, huweka duara dogo katikati, huandika majina kandokando, na wanafunzi hunakili. Siku ya mtihani majina yote hurudi yalivyotolewa, na alama hupatikana. Lakini tukimwuliza mwanafunzi yuleyule kwa nini kachumbari iliyotiwa chumvi hunywea na kutoa maji, au kwa nini mtoto anayeharisha hupewa maji yenye chumvi na sukari pamoja, hunyamaza.

Katika makala haya twapenda kuwaeleza walimu wenzetu, na hasa wanachuo wanaojiandaa kwenda mazoezini, njia nyingine ya kuifundisha mada hii. Hoja yetu ni moja. Seli ifundishwe kwa kazi zake kwanza na kwa majina ya sehemu zake baadaye. Na kila neno au mfano tunaoutumia upimwe mbele ya wanafunzi, waone mahali unapofaa na mahali unapokoma. Mfano usiopimwa hugeuka kuwa kosa, na kosa hilo mwanafunzi hulibeba miaka mingi.

Mifano yetu tumeitoa Kipalapala, kilometa chache nje ya mji wa Tabora, karibu na njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Kipalapala inajulikana kwa seminari yake na kwa kiwanda cha uchapaji ambacho kwa miaka mingi kilitoa vitabu vya Kiswahili. Nchi inayoizunguka ni nchi ya asali na viazi vitamu, na misitu ya miombo ya mkoa huo inajulikana kwa mbung'o. Asali, viazi, uchapaji na mbung'o: mambo hayo manne yanatosha kufundishia vipindi vinne. Mwalimu aliye Lindi au Moshi atatafuta mambo ya kwao. Njia ni ileile.

Maneno tunayoyatumia

Kabla ya kuingia darasani, yafaa mwalimu ayachunguze maneno yenyewe, kwa sababu kila neno huja na picha yake.

Neno la kwanza ni chembe. Vitabu vingi vya zamani viliita seli chembe hai, na bado wako wanaosema hivyo. Lakini chembe kwa Mswahili ni punje: chembe ya mtama, chembe ya mchanga. Tena neno hilohilo hutumika katika Kemia kwa vitu vidogo mno kuliko seli. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huchanganya seli na atomu, akadhani zote ni punje ngumu. Neno seli linafaa zaidi, ingawa nalo lina jirani yake: watoto wengi wamesikia habari za selo ya polisi. Mwalimu asiogope jambo hilo. Aseme wazi kwamba maneno yote mawili yametoka katika neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo, kisha aulize: je, seli ya mwili ni chumba kilichofungwa kama selo? Swali hilo litajibiwa katika kipindi cha pili.

Neno la pili ni kiini, na hili ndilo lenye hatari kubwa. Kila mtoto ajua kiini cha yai. Anapochorewa duara lenye duara dogo ndani yake, huona yai lililokaangwa, na huridhika kwamba ameelewa. Atasema ganda ni ukuta wa seli, ute mweupe ni saitoplazimu, na sehemu ya njano ni kiini cha seli. Yote matatu si kweli. Katika yai la kuku ambalo halikurutubishwa, sehemu ya njano yote ni seli moja kubwa iliyojazwa akiba ya chakula. Kiini cha seli hiyo kimo katika kidoa cheupe kidogo kinachoonekana juu ya sehemu hiyo ya njano. Ute mweupe na ganda si sehemu za seli, bali ni vifuniko vinavyoongezwa wakati yai likipita katika mrija wa uzazi wa kuku. Mwalimu avunje yai moja katika sahani na kuwaonyesha wanafunzi kidoa hicho. Yai moja litaondoa kosa ambalo maelezo ya saa nzima hayaliondoi.

Kipindi cha kwanza: Sega la asali na vyumba vitupu

Zana: kipande cha sega la asali lililokamuliwa.

Wanafunzi walitazame sega, wahesabu pembe za kila kijumba, na waeleze kwa nini nyuki hujenga vijumba vingi vidogo badala ya kimoja kikubwa. Kisha mwalimu aeleze historia. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kwa hadubini kipande chembamba cha gome la mti, lile linalotumika kutengenezea vizibo vya chupa. Aliona vijumba vingi vilivyopangana, akavilinganisha na sega la asali, na akavipa jina la seli. Katika miaka ya 1670, Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek aliona viumbe hai vidogo katika tone la maji kwa lenzi aliyoisaga mwenyewe. Mwaka 1831 Robert Brown alionyesha kwamba seli za mimea huwa na kiini. Mwaka 1838 Matthias Schleiden alitangaza kwamba mimea yote imejengwa kwa seli, na mwaka uliofuata Theodor Schwann alisema vivyo hivyo juu ya wanyama. Mwaka 1855 Rudolf Virchow alieneza kanuni kwamba kila seli hutoka katika seli nyingine.

Hapa ndipo mfano wa sega upimwe. Unafaa kuonyesha kwamba kitu kikubwa chaweza kujengwa kwa vijumba vidogo vinavyofanana. Unakoma mahali pawili. Kwanza, Hooke aliona kuta za seli zilizokufa. Vijumba vilikuwa vitupu kwa sababu wenyeji walikwisha kuondoka. Seli hai si tupu. Pili, sega hujengwa na nyuki kutoka nje, bali seli hujijenga yenyewe na kugawanyika kuwa mbili. Wanafunzi waandike mambo hayo mawili katika madaftari yao, maana ndiyo kiini cha somo, hapa tukilitumia neno hilo kwa maana yake ya tatu.

Kipindi cha pili: Utando unaochagua

Zana: majani ya mchicha mwekundu, kiazi kitamu, chumvi, bilauri tano, maji ya baridi na ya moto.

Jaribio la kwanza. Chukua majani mawili mazima ya mchicha mwekundu, yaoshe vizuri, tia moja katika maji ya baridi na jingine katika maji ya moto sana. Baada ya dakika chache maji ya moto yatageuka rangi, na maji ya baridi yatabaki karibu meupe. Uliza: rangi ilikuwa wapi, na nani aliyekuwa ameizuia? Wanafunzi wataona wenyewe kwamba pana kitu kilichoishikilia rangi ndani, na kwamba joto limekiharibu kitu hicho. Ndipo mwalimu awape jina: utando wa seli. Rangi ile hukaa katika mfuko wa maji ulio ndani ya seli ya mmea, uitwao vakuoli, nao una utando wake.

Jaribio la pili. Kata vipande vitatu vya kiazi kitamu, kila kimoja urefu wa milimita 50 na unene sawa. Kipande A kiwe kibichi, kitiwe katika maji matupu. Kipande B kiwe kibichi, kitiwe katika bilauri ya maji yenye vijiko viwili vikubwa vya chumvi. Kipande C kichemshwe kwanza, kisha kitiwe katika maji matupu. Baada ya saa moja wanafunzi wavipime na kuvipinda. A kitakuwa kigumu na huenda kimerefuka kidogo. B kitakuwa kimelegea na kufupika. C kitabaki laini, ingawa kimekaa katika maji yaleyale kama A.

Tofauti ya A na B huonyesha kwamba maji hupita katika utando na kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Mwendo huo ndio uitwao osmosisi. Tofauti ya A na C huonyesha jambo kubwa zaidi: utando ukifa, uwezo wa kuchagua hufa nao. Watoto wa Unyamwezi waulizwe habari za michembe. Kiazi kilichokatwa na kukaushwa juani hurudia maji kikilowekwa, lakini hakirudi kuwa kigumu kama kibichi. Hunywa maji kama sifongo inywavyo, kwa maana tando za seli zake zimekwisha kufa.

Sasa turudi kwenye swali la selo. Utando wa seli si ukuta wa gereza. Unene wake ni kama sehemu 8 za milioni moja za milimita. Tando elfu kumi zikipangwa pamoja hazizidi unene wa karatasi. Umejengwa kwa mafuta yaliyopangwa katika safu mbili, na ndani yake mna protini zilizo kama milango, kila mlango na mgeni wake. Neno utando ni zuri, kwa sababu mwanafunzi ameuona utando wa maziwa yaliyopoa. Lakini ajue pia kwamba si utando wa buibui: hauna matundu yanayopitisha chochote kilicho kidogo. Huchagua.

Ukuta wa seli ni kitu kingine. Mimea inao, nje ya utando, nao ni mgumu na hupitisha maji kwa urahisi. Kazi yake ni kuizuia seli isipasuke inapojaa maji, na ndio unaoufanya mchicha usimame wima asubuhi. Seli za wanyama hazina ukuta. Chembe nyekundu ya damu ikitiwa katika maji matupu hujaa na kupasuka, na ndiyo sababu maji ya dripu hayawi matupu, bali hutiwa chumvi kadiri ya gramu 9 kwa lita moja, au hutiwa sukari.

Matumizi ya kipindi cha pili

Kipindi hiki kisiishe bila kufika nyumbani. Mtoto anayeharisha sana hupoteza maji na chumvi, na yaweza kumwua kwa muda mfupi. Tukimpa maji matupu, sehemu kubwa hupita tu. Tukimpa chumvi peke yake, haiingii vizuri. Lakini seli zinazotanda ndani ya utumbo mwembamba zina mlango unaopokea chumvi na sukari kwa pamoja; viwili hivyo vikiingia, maji hufuata. Mlango huo hubaki ukifanya kazi hata katika kipindupindu. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliwatibu wagonjwa wengi wa kipindupindu kwa maji ya namna hiyo yaliyonywewa kwa mdomo, wakati dripu zilipokuwa haba.

Pakiti za dawa hiyo hupatikana zahanati. Pasipo pakiti, huchanganywa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi, wakati mtoto akipelekwa kituo cha afya. Mwalimu aulize: kwa nini chumvi isizidi? Darasa lililokipinda kipande B kwa mikono yake litajibu bila kusaidiwa. Chumvi ikizidi, maji yatatolewa katika seli za mtoto badala ya kuingia. Mwanafunzi aliyelijua jambo hili kwa sababu yake hatakosea kipimo kama yule aliyekariri namba tu.

Kipindi cha tatu: Kutazama, na kitabu kilichomo katika kiini

Zana: hadubini moja, kitunguu, iodini, vioo vya kuwekea.

Ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu ibanduliwe, ilazwe katika tone la maji juu ya kioo, itiwe tone la iodini na kufunikwa. Uanze kwa lenzi ndogo. Wanafunzi wataona vyumba virefu vilivyopangana kama matofali, na katika kila kimoja kidoa cha rangi ya kahawia: hicho ndicho kiini.

Amri ya mwalimu iwe moja: choreni mnachokiona, si kilichomo kitabuni. Wengi watachora kloroplasti za kijani kwa sababu wamesoma kwamba seli za mimea huwa nazo. Kitunguu hukaa ardhini gizani, na ngozi yake haina kloroplasti. Mwanafunzi aliyezichora hakutazama. Anayetaka kuziona kloroplasti atazame jani jembamba la mmea wa majini. Hata hivyo mwalimu asiwatume watoto kuingia bwawani kulitafuta, kwa ajili ya hatari ya kichocho.

Hadubini ikiwa moja na wanafunzi ni sitini, wagawanywe makundi. Kundi moja likiwa kwenye hadubini, mengine yaendelee na viazi na michoro. Pasipo hadubini kabisa, yafaa kuomba ruhusa ya kutembelea maabara ya kituo cha afya, maana hadubini inayotafutia malaria yaweza kuonyesha pia kitunguu.

Baada ya kukiona kiini, wanafunzi watauliza kinafanya nini. Mara nyingi hujibiwa kwamba kiini ni ubongo wa seli, au ndiye chifu wa seli. Twashauri mfano huo uachwe. Kiini hakifikiri wala hakitoi amri. Kiwanda cha uchapaji, kama kile cha Kipalapala, ni mfano ulio bora. Muswada wa asili hutunzwa ofisini, hautolewi nje kuchafuliwa. Panapohitajika ukurasa fulani, nakala hutolewa na kupelekwa mtamboni, na huko ndiko kazi hufanyika. Vivyo hivyo DNA hubaki katika kiini. Nakala ya sehemu inayohitajika hutoka kwenda katika saitoplazimu, na huko ribosomu huisoma na kuunganisha protini kama ilivyoandikwa. Seli ya ngozi na seli ya msuli zina kitabu kilekile kizima, lakini kila moja husoma kurasa zake. Kitabu cha binadamu kina herufi zipatazo bilioni 3 katika seti moja, nasi hurithi seti mbili, moja kwa baba na moja kwa mama.

Mfano huu nao una mwisho wake. Kiwanda kina mhariri, seli haina. Tena hakuna kiwanda kinachojigawa kuwa viwanda viwili, kila kimoja na muswada wake kamili, jambo ambalo seli hulifanya kila inapogawanyika.

Hapa ndipo mahali pa kufundisha selimundu. Wanafunzi waandike maneno washa moto, kisha wabadili herufi moja tu wapate washa moyo. Maana yote imegeuka. Katika ugonjwa wa selimundu, herufi moja ya DNA inayoelekeza utengenezaji wa hemoglobini imebadilika. Hemoglobini hiyo, ikipungukiwa na oksijeni, hujipanga kama vijiti na kuipinda chembe nyekundu mfano wa mundu. Chembe zilizopindika huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Nazo huishi siku 10 hadi 20 tu, badala ya siku zipatazo 120, kwa hiyo mgonjwa hupungukiwa na damu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu.

Mwalimu asisitize jambo moja kwa uangalifu, kwa kuwa huenda mgonjwa au ndugu ya mgonjwa amekaa mbele yake. Mtoto huugua anapopokea nakala yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia. Wazazi hao wawili huenda ni wazima kabisa, kila mmoja akiwa na nakala moja nzuri na moja yenye kasoro. Na katika kila uzazi wao pana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Hivyo basi si haki kumlaumu mama peke yake, wala jirani, wala mizimu. Tena mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Afrika ya Mashariki, alionyesha kwamba mwenye nakala moja tu ya kasoro hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu kasoro hii imeenea zaidi katika nchi zenye malaria. Ndoa ngapi zimevunjika kwa kukosa maelezo haya mafupi!

Kipindi cha nne: Mpagazi na mbung'o

Kipindi cha mwisho kiunganishe seli na historia ambayo wanafunzi wa Tabora wameisikia kwa wazee wao.

Katika karne ya 19 pembe za ndovu na bidhaa nyingine zilisafiri kati ya Unyanyembe na pwani, mwendo wa zaidi ya kilometa 800, vichwani na mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa pembe ulikuwa kwa kawaida frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Swali la kwanza kwa darasa: mpagazi alipata wapi nguvu ya kutembea hivyo siku baada ya siku? Wanafunzi watasema, katika chakula. Ni kweli, lakini ugali ulio tumboni haujawa nguvu ya mguu. Humeng'enywa kuwa sukari, sukari husafirishwa na damu, huingia katika seli za msuli, na huko mitokondria huitumia pamoja na oksijeni kutoa nishati. Seli za misuli inayofanya kazi nyingi zina mitokondria nyingi. Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina hata moja, wala haina kiini. Imeviacha vyote ili ibebe hemoglobini. Mwanafunzi aone hapa kanuni ya mada nzima: umbo la seli hufuata kazi yake.

Swali la pili: kwa nini mizigo ilibebwa na watu, wala si na farasi au magari ya ng'ombe? Punda walionekana katika misafara fulani, lakini mzigo mkubwa ulibaki mabegani mwa watu, na sababu kubwa mojawapo ni mbung'o. Farasi na ng'ombe waliopitishwa katika misitu yenye mbung'o waliugua na kufa. Mwaka 1895, huko Zululand, David Bruce alitambua kwamba ugonjwa huo wa wanyama huletwa na kidudu cha damu kiitwacho tripanosoma, kinachochukuliwa na mbung'o. Ndugu yake wa karibu huleta malale kwa binadamu. Kati ya mwaka 1900 na 1920 watu zaidi ya 200,000 walikufa kwa malale nchini Uganda, kandokando ya Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwahamisha watu wengi katika nchi za magharibi, ikawakusanya katika makazi maalumu mbali na mbung'o.

Na tripanosoma ni nini? Ni seli moja tu. Urefu wake hauzidi sana sehemu 3 za mia moja za milimita. Ina utando, saitoplazimu, kiini, mitokondrioni moja ndefu, na mjeledi wa kuogelea katika damu. Hula, hupumua, huhisi, hutembea na kuzaa kwa kujigawa mara mbili, yote bila mdomo, pafu wala mguu. Tena utando wake umevikwa koti la protini. Kinga ya mwili inapolijifunza koti hilo na kuanza kuua, baadhi ya tripanosoma huwa wamekwisha kubadili koti, nao huongezeka upya. Ndiyo sababu homa huja kwa mawimbi. Mwisho huingia katika ubongo.

Siku hizi wagonjwa wa malale ni wachache sana kuliko zamani, na dawa zipo. Lakini wafuga nyuki na wawindaji bado huingia misituni, na mgonjwa anayechelewa hospitali kwa kudhani homa yake ni malaria ya kawaida huhatarisha maisha yake. Mwanafunzi aliyefika mwisho wa kipindi hiki hatasema tena kwamba seli ni duara lenye duara dogo ndani yake. Atajua kwamba seli moja, isiyoonekana kwa macho, ilikuwa na sehemu katika kuamua ni nani atakayebeba mizigo ya nchi nzima.

Kupima maarifa

Maswali ya kutaja sehemu za seli yasifutwe, lakini yasiwe peke yake. Twapendekeza maswali ya namna hii:

1. Asali haiozi upesi hata ikikaa mwaka mzima. Eleza kinachoipata seli ya bakteria iliyoanguka ndani yake. (Jibu litaje kwamba asali ina sukari nyingi na maji machache, kwa hiyo maji hutoka katika bakteria kupitia utando wake.)

2. Mwanafunzi amesema sehemu ya njano ya yai la kuku ni kiini cha seli. Msahihishe.

3. Taja mahali pawili ambapo mfano wa kiwanda cha uchapaji haufanani na seli.

4. Kiazi kilichochemshwa hakiwi kigumu kikitiwa majini. Kwa nini?

5. Wazazi wazima wamezaa mtoto mwenye selimundu. Andika maneno ambayo ungewaambia jamaa wanaomlaumu mama.

Swali la tano lisahihishwe kwa uzito sawa na mengine. Mwanafunzi anayeweza kuieleza seli kwa Kiswahili fasaha mbele ya jamaa zake ameielewa. Na atakapoikuta mada hiyohiyo kwa Kiingereza katika sekondari, atakuwa anajifunza maneno mapya ya jambo analolijua, badala ya kujifunza maneno na jambo kwa wakati mmoja.

Hitimisho

Vipindi hivi vinne havihitaji maabara kubwa. Vinahitaji kipande cha sega, yai, kiazi, majani ya mchicha, kitunguu, na hadubini moja ikipatikana. Vinahitaji zaidi mwalimu aliye tayari kuuliza kabla ya kutaja, na kusema wazi mahali mfano wake unapokoma. Twawaomba walimu wenzetu wavijaribu, wavirekebishe kwa mazingira yao, na wauandikie jarida hili waliyoyaona, ili wanachuo wanaofuata waanze mbele ya hapa tulipoishia.